Kura ya Toleo la Programu Huria: Anayeandika +1 Awe Amekagua

Kitengo chetu cha TEHAMA hapa Mtwara kimekuwa kikipokea malalamiko yanayofanana kutoka kwa wanafunzi na vijana wa Mtwara, Masasi na Lindi wanaojitolea katika miradi ya programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote. Wanasema walipiga kura ya kupitisha toleo jipya kwa kuandika +1 (yaani «nakubali»; -1 ni «nakataa»), lakini matokeo yalipotangazwa kura zao hazikuwamo katika hesabu. Nia yao ni njema, ila wameichukulia kura ya toleo kuwa sawa na kura ya uchaguzi, jambo ambalo si sahihi.

Si kila mradi unaopiga kura. Kwa mfano, matoleo makuu ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux huamuliwa na mwanzilishi wake, Linus Torvalds. Utaratibu unaolalamikiwa ni wa Apache Software Foundation, taasisi inayosimamia miradi mingi ya programu huria, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999, na masharti yake yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma. Meneja wa toleo huandaa kifurushi cha msimbo chanzo (maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na watengenezaji), hukitia saini ya kidijitali kwa ufunguo wake, huambatanisha namba ya uhakiki ya SHA-512 (tarakimu zinazokokotolewa kutoka kwenye faili, ambazo hubadilika faili likibadilika), kisha hutangaza kura, ambayo kwa kawaida hubaki wazi kwa saa zisizopungua 72. Toleo hupita likipata angalau kura tatu za +1 kutoka kwa wajumbe wa kamati inayosimamia mradi, ilimradi +1 za wajumbe hao ziwe nyingi kuliko -1 zao. Kura za wengine wote hupokewa kama ushauri. Kwa hiyo kijana ambaye si mjumbe hakudhulumiwa, na tunaomba neno «kudhulumiwa» lisitumike tena katika barua zinazoletwa kwetu.

Saa hizo 72 nazo zimewachanganya wengi. Tangazo likisema kura inafungwa Jumatatu saa 17:00 UTC (saa za kimataifa, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu), kwa hapa kwetu ni Jumatatu saa 2:00 usiku, wala si saa 11 jioni. Muda huo ni mrefu kwa makusudi, ili mjumbe aliyeko upande mwingine wa dunia, au aliye mapumzikoni mwisho wa wiki, apate nafasi ya kukagua.

Wapo pia wanaoamini kwamba -1 moja huzuia toleo. Hilo ni kweli katika mabadiliko ya msimbo, ambako pingamizi la mjumbe lenye sababu ya kiufundi husimamisha badiliko. Toleo halina kura ya turufu. Hata hivyo, -1 yenye ushahidi, hata ikitoka kwa asiye mjumbe, inaweza kumfanya meneja asitishe kura, arekebishe kasoro, na kuleta kifurushi kipya cha kupigiwa kura upya kuanzia sifuri.

Linalotusikitisha zaidi ni +1 zinazoandikwa dakika chache baada ya tangazo, na mtu ambaye hata kupakua hajapakua. Mpima ubora wa korosho ghalani haandiki daraja kwa kulitazama gunia kwa nje. Huchota sampuli, akapasua, akaangalia kiini. Ndivyo mjumbe wa kamati anavyotakiwa kufanya kabla ya kuandika +1: apakue kifurushi kwenye kompyuta yake mwenyewe, ahakiki saini na namba ya uhakiki, athibitishe kwamba mafaili ya LICENSE (leseni) na NOTICE (ilani za haki) yamo, akompaili msimbo kama ulivyo (yaani augeuze kuwa programu inayoendeshwa), kisha aijaribu programu iliyopatikana. Asiye mjumbe akitaka ushauri wake uwe na maana, naye apite njia hiyo hiyo.

Sababu ya ukali huu ilionekana Machi 2024 katika xz, programu ya kubana mafaili, ambayo haiko chini ya Apache. Vifurushi vya matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 vilibeba msimbo wa hila ambao haukuwamo katika hazina ya msimbo iliyo wazi kwa wote. Aliyegundua, Andres Freund, alianza kwa kushangaa kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali) kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Saini peke yake isingeliibua jambo hilo, kwa kuwa aliyetia saini ndiye aliyetia na hila.

Mwanafunzi mmoja katika maabara yetu alikuta tarakimu za SHA-512 hazilingani, na tayari alikuwa ameandika -1 akisubiri kuituma. Tulipotazama ukubwa wa faili, tukakuta intaneti ilikatika kifurushi kikiwa hakijakamilika. Alipakua upya, tarakimu zikalingana. Basi ukubwa wa faili uangaliwe kwanza.

Kuhusu adhabu, ambayo huulizwa mara kwa mara, hakuna faini. Lakini mtu anayesambaza kifurushi kama toleo rasmi bila kura kupita huwa ametenda kwa jina lake binafsi, na kinga ya kisheria ambayo taasisi huwapa wanaofuata utaratibu inaweza isimfikie.

Kura nzuri huandikwa hivi: «+1, si mjumbe. Saini ni sahihi, SHA-512 imelingana, nimekompaili kwenye Ubuntu 22.04 kwa Java 17, majaribio yote yamepita.» Ikiwa umeme au bando limekuishia katikati ya kazi, eleza ulichofanikiwa kukagua, na usiweke +1 wala -1.