Walishinda wakishinda, jioni wakashindwa: vitenzi vya vita katika Kiingereza cha zamani

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu sentensi moja ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 waitafsiri: "And Joshua discomfited Amalek and his people with the edge of the sword." Kijana mmoja, Kiingereza chake kizuri tu, akaandika kwamba Yoshua aliwakosesha raha Amaleki na watu wake kwa makali ya upanga. Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alitoa simu, akafungua kamusi, akaniletea mezani: "Mwalimu, si hivi ndivyo ilivyoandikwa?"

Ndivyo ilivyoandikwa. Kamusi ya leo itakwambia kuwa mtu aliye "discomfited" ametahayari, hana raha, anajikunakuna kichwa. Lakini neno hilo lilipoingia Uingereza kutoka Kifaransa cha kale, "desconfire" lilikuwa ni kubomoa kilichokwisha kutengenezwa, na jeshi lililokuwa "desconfit" lilikuwa limesambaratishwa, halina tena safu wala kiongozi. Kilichokuja kuliharibu ni sauti yake. Linafanana mno na "discomfort", neno lisilo ndugu yake hata kidogo, na watu wakazoea kuyachanganya. Upanga ukaondoka, ikabaki aibu. Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi kwa simu yake na amekosea kwa zaidi ya miaka mia nne.

Kazi yangu ni historia ya lugha ya Kiingereza, na ugomvi wangu wa kudumu na wafasiri wetu ni mmoja: kila kitenzi cha vita wanakigeuza kuwa "shinda". Conquer, shinda. Defeat, shinda. Vanquish, subdue, overcome, shinda tu. Si kosa kwa maana ya kosa, lakini kinachopotea ni picha. Kila kitenzi kati ya hivyo kilizaliwa na wazo lake la nini hasa humpata adui akishindwa, na mawazo hayo hayafanani.

Tuanze na zamani kabisa, kabla Wafaransa hawajavuka bahari. Kiingereza cha kale kilikuwa na jina "sige", yaani ushindi, ndugu wa "Sieg" ya Kijerumani. Leo limekufa kabisa. Kulikuwa pia na "oferswiðan", kumzidi mtu nguvu, nalo limekwenda na maji. "Ofercuman" ndilo lililopona, likawa "overcome". Ila ninayoipenda zaidi si kitenzi kimoja bali ni fungu zima la maneno linalojirudia katika Tarehe ya Waanglo-Saksoni, kitabu ambacho watawa na waandishi walikuwa wakiandika matukio ya kila mwaka. Pigano likiisha, mwandishi hasemi fulani alimshinda fulani. Anasema fulani "ahton wælstowe geweald". "Stow" ni mahali. "Wæl" ni maiti za waliouawa vitani. "Geweald" ni mamlaka. Yaani: walibaki na mamlaka juu ya mahali pa maiti.

Angalia mwaka 871. Mfalme Æthelred wa Wessex, ufalme wa Wasaksoni, na mdogo wake Alfred walikuwa wakipigana na Wadenmaki karibu bila kupumzika. Tarehe inahesabu mapigano makubwa tisa kusini mwa mto Thames katika mwaka huo mmoja. Moja lilikuwa mahali panapoitwa Meretun. Mwandishi anasema Wasaksoni waliyakimbiza makundi yote mawili ya adui, "ond longe on dæg sige ahton", na kwa muda mrefu wa mchana ushindi ulikuwa wao. Kisha yanafuata mauaji makubwa pande zote mbili, halafu, bila kueleza kilichogeuka, anafunga: Wadenmaki wakabaki na mahali pa maiti.

Mfasiri wa Kiingereza cha leo huhangaika na sentensi hiyo. Walishinda au walishindwa? Sisi Kiswahili kinatubeba, kwa sababu tuna "shinda" ya kumzidi mtu na "shinda" ya kukaa mahali kutwa nzima, na masikio yetu hayazitenganishi. Wasaksoni walishinda wakishinda, jioni wakashindwa. Sijawahi kupata tafsiri ya Kiingereza inayolisema hilo kwa maneno machache hivyo, na nakiri kwamba hujivuna kidogo kila nikiiandika ubaoni.

Wazo lililomo humo ni la mkulima zaidi kuliko la jemadari. Kukimbiza adui, "gefliemde", ni jambo moja. Linaweza kutokea saa nne asubuhi na lisimaanishe kitu. Kinachoandikwa kitabuni ni nani aliyekuwa amesimama pale jua lilipozama, maana huyo ndiye atakayeokota silaha na kuzika watu wake kwa heshima.

Sasa mwaka 1066. Nakala moja ya Tarehe hiyo, iliyoko hadi leo katika Chuo cha Corpus Christi, Cambridge, inaumaliza mwaka huo kwa mistari michache tu. Mfalme Edward alifariki, Harold akatawala wiki 40 na siku moja, "and her com Willelm and gewann Ængla land". Akaja William, mtawala wa Wanormandi kutoka Ufaransa, akaipata nchi ya Waingereza. Halafu bila kuvuta pumzi mwandishi anaongeza kwamba kanisa la Kristo liliungua na nyota yenye mkia ikaonekana. Kwake kuungua kwa kanisa na kupotea kwa nchi vinakaa kwenye kapu moja.

"Gewann" hiyo ndiyo "win" ya leo. Mzizi wake, "winnan", ulikuwa na maana ya kutaabika: kufanya kazi ngumu, kupigana, hata kuteseka. Ukiongeza "ge-" mbele unapata matokeo ya taabu hiyo, yaani kupata kitu kwa jasho. Wimbi la maneno ya Kifaransa lilipofuata baada ya William, likaja na "conquerre", lililotoka Kilatini "conquirere", kutafuta na kukusanya. Waingereza wakalifanya "conquer". Kwa hiyo mshindi na mshindwa, kila mmoja kwa lugha yake, walikuwa wakisema jambo lilelile: huyu bwana amejipatia mali.

Hapo ndipo wanasheria walipoingia. Katika sheria za umiliki wa ardhi za Wanormandi, "conquest" ilikuwa ni ardhi yoyote ambayo mtu hakuirithi bali aliipata mwenyewe, hata kama aliinunua kwa amani kabisa. Mwanasheria William Blackstone, aliyeandika kati ya 1765 na 1769, anaeleza wazi kwamba wanasheria hao walimwita mtu wa kwanza kuipata ardhi ya ukoo "conqueror". Sisi tuna tofauti hiyohiyo: kuna mali ya kurithi na kuna mali ya kuchuma. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kesi ya talaka anaijua mali iliyochumwa pamoja. Kwa mantiki hiyo, yule tunayemwita William Mshindi ni William Mchumaji. Wenyewe waliishi wakimwita William Mwanaharamu, lakini hilo ni jambo jingine.

Usidhani ni mchezo wa maneno. Waingereza wa karne ya 17 waligombana nalo vikali. Ikiwa William aliiteka nchi kwa upanga, basi sheria na haki za watu zilikufa siku ile, na chochote walicho nacho ni hisani ya mfalme. Ikiwa alichuma tu, kama mtu anavyopata shamba, basi alilikuta shamba na mipaka yake, na mipaka hiyo inambana yeye na warithi wake. Kitenzi kimoja, na nyuma yake swali la nani ana mamlaka juu ya nani.

"Defeat" nalo ni la wanasheria. Ni "desfait" ya Kifaransa: "faire" ni kutenda, "des-" inakirudisha nyuma kilichotendwa. Kiswahili tunafanya hivyo kwa mkia wa -ua: funga, fungua, ziba, zibua, tata, tatua. Ukitaka kuisikia "defeat" ya asili sikiliza taarifa ya habari: uteuzi wa fulani umetenguliwa. Hati ilikuwa ikitenguliwa, haki ya mtu ilikuwa ikitenguliwa, na hata sura ya mtu. Katika Othello, tamthilia ya Shakespeare, Iago anamwambia Roderigo a-"defeat" uso wake kwa ndevu za bandia, yaani auharibu usitambulike. Ukimwambia msomaji wa leo kwamba mtu aliushinda uso wake mwenyewe, atakuuliza ulilala saa ngapi. Jeshi lililokuwa "defeated" ni jeshi lililotenguliwa, limerudi kuwa watu mmoja mmoja wanaokimbia.

Vingine nitavipitia mbiombio. "Vanquish" na "convince" vyote ni watoto wa "vincere" ya Kilatini, na zamani "convince" ilikuwa kumwangusha mtu kweli: katika Macbeth, tamthilia nyingine ya Shakespeare, mke wa Macbeth anaahidi kuwa-"convince" walinzi wawili wa mfalme kwa mvinyo, na hana nia ya kubishana nao. "Quell", tunayoisikia polisi wakituliza ghasia, ilikuwa "cwellan", kuua. "Confound" ni kumimina vitu pamoja, kuvuruga. Ndiyo iliyomo katika ubeti wa pili wa wimbo wa taifa wa Uingereza, pale Mungu anapoombwa avuruge hila za maadui. "Mate" ilikuwa kitenzi cha kumshinda mtu hadi asijue la kufanya, na ilitoka kwenye sataranji: shah mat. Waajemi walimaanisha mfalme amekwama. Masikio ya Kiarabu yalisikia "mata", amekufa, kutoka mzizi uleule uliotupa sisi "mauti".

Kuna jozi moja ambayo sijui niifurahie au niionee huruma. Kiingereza kina kitenzi "to worst", kilichoanza kutumika kwa kushinda mtu katika karne ya 17, na kina "to best", cha karne ya 19. Best ni bora kabisa, worst ni baya kabisa. Kama vitenzi vyote viwili vina maana moja: kumshinda mwenzio. Nilipolisema hilo darasani, yule kijana wa Yoshua akanyosha mkono kuuliza kwenye mtihani atumie kipi. Nikamwambia aandike "beat". Ni piga tu. Watangazaji wetu wa mpira hawana shida nalo: timu imechapwa, imenyukwa, imekula kichapo, na kila aliye kando ya redio anajua nani ameondoka na pointi tatu.