Marashi ya feromoni na harufu ya ukeni: maswali tunayoulizwa kila siku kliniki

Feromoni ni kitu gani hasa?
Ni kemikali anayoitoa mnyama, mwenzake wa jamii ileile akiinusa anabadilika tabia au mwili. Jina hili lilianza kutumika 1959, na mwaka huohuo Mjerumani Adolf Butenandt na wenzake wakatangaza ile ya nondo jike wa hariri, dume akiipata hata kidogo sana anaanza kupigapiga mabawa anamfuata. Nguruwe dume naye anayo kwenye mate, wafugaji wanampulizia jike puani wajue kama yuko tayari kupandwa.

Na sisi binadamu tunayo?
Mpaka leo hakuna hata moja iliyothibitishwa. Kile kiungo cha puani ambacho wanyama wengi wanakitumia kunusia feromoni, kwa mtu mzima kimebaki kama alama tu, hakina mishipa ya fahamu inayofika kwenye ubongo. Kemikali zinazotajwa sana na wauzaji wa marashi ni androstadienoni na estratetraenoli, na mwaka 2017 watafiti wa Australia walizijaribu, watu wakaonyeshwa picha za sura wakiwa wanazinusa na wakiwa hawazinusi, hazikubadilisha chochote, hakuna aliyeonekana anavutia zaidi. Kwahiyo anayekuuzia kichupa akakwambia mwanaume hatobanduka anakudanganya.

Mbona mi harufu ya mume wangu inanituliza kabisa?
Ndio, inakutuliza, pua na kumbukumbu vinafanya kazi pamoja, umeizoea na unampenda. Hata mtoto mchanga anageuza kichwa kufuata harufu ya titi la mama yake, ndo maana tunawaambia wazazi wasijipake marashi kifuani kipindi cha kunyonyesha. Harufu ina nguvu, hilo halina ubishi, ila sio rimoti ya kumwendesha mtu.

Nimeona mtandaoni wadada wanachukua ute wa ukeni wanajipaka shingoni ili wavutie, inafanya kazi?
Wazo hili linatokana na tafiti za zamani za nyani, kwa binadamu hakuna uthibitisho. Na kama una maambukizi hujui, kidole hichohicho kikifika jichoni unaweza ukahamishia kisonono huko. Acheni.

Kuna mafuta ya mvuto na vile vidonge vya kusafisha kizazi, unaweka ukeni unanukia vizuri. Nitumie kipi?
Hakuna. Usiweke kitu chochote ukeni ili unukie. Naomba nirudie maana hapa ndo watu wanapoumia: USIWEKE KITU UKENI. Sio mafuta ya mvuto, sio ndimu, sio shabu, sio ugoro, sio maji ya chumvi, sio sabuni yenye manukato, na kidole chenye sabuni kisiingie ndani. Kule ndani kuna bakteria wazuri wanaotengeneza asidi, pH (kipimo cha ukali wa asidi) inakaa kati ya 3.8 na 4.5, na asidi hiyo ndo inayozuia wadudu wabaya. Ukisugua na kumimina vitu unawaua walinzi, wabaya wanazaliana, harufu inaanza, sa mtu anaona harufu anaongeza tena kusugua, inazidi, anaongeza tena.

Tunawapokea wengi wa hivi. Unamlaza mama kitandani, unaweka taa, unakuta kitambaa kidogo kimefungwa uzi, ndani kina majani yamevimba, kuta za uke nyekundu zimechubuka, na yeye anasema aliyemuuzia kamwambia ule uchafu unaotoka ni sumu inatoka mwilini. Sio sumu jamani. Ni ngozi yako inatoka.

Sawa, ila harufu imebadilika kweli, nifanye nini kwanza?
Njoo kituoni. Sio marashi kwanza, sio wiki mbili za kusikilizia, njoo. Harufu kama ya samaki inayozidi baada ya tendo, na ute wa kijivu mwepesi, mara nyingi ni bakteria wabaya wamezidi. Ute wa njano au kijani wenye povu unaweza ukawa trikomona, kimelea kinachoambukizwa kwa ngono. Ukiwashwa sana na ute kama maziwa mgando bila harufu kali, ni fangasi. Tiba ya fangasi haifanani na ya hivyo viwili vya kwanza.

Si naweza kununua tu flajili duka la dawa?
Hapana. Flajili haitibu fangasi, na kama ni kisonono au klamidia (nayo ni ya zinaa) utameza wee ugonjwa unapanda juu kwenye mirija ya uzazi. Wanakuja baada ya miezi, tumbo la chini linauma, homa, wengine wanatafuta mtoto hawapati. Na uke wenye bakteria wabaya unaongeza hatari ya kupata VVU, na kwa mjamzito hatari ya kujifungua kabla ya wakati. Ukiwa na mimba, homa, maumivu chini ya kitovu au damu isiyo ya hedhi, njoo leoleo.

Mume wangu hana dalili yoyote, na yeye aje?
Ikiwa ni trikomona, kisonono au klamidia, ndio aje, wanaume wengi wenye trikomona hawahisi kitu kabisa. Ukitibiwa peke yako ataku­ambukiza tena, halafu utasema dawa za serikali hazifanyi kazi.

Naona aibu kuja nanuka.
Dada yangu, ndo kazi yetu, hatushangai. Usijisafishe ndani kabla ya kuja wala usijipulizie kitu, maana tunachukua ute huohuo kwa pamba tukaupime, na ukishaufuta tunabaki tunabahatisha. Oga nje kwa maji ya kawaida, vaa chupi ya pamba, njoo asubuhi maabara ikiwa wazi. Na ukiwa na ile chupa uliyonunua, njoo nayo tuione.