Prufu ni namna sarafu ilivyogongwa, si namna inavyong'aa

Sarafu ya prufu ni ile iliyogongwa kwa utaratibu maalumu ili ikae kwa wakusanyaji, si ili ikalipie nauli. Maana yake ni hiyo tu. Ila hapa Mtwara nimechoka kutumiwa picha ya mia mbili yenye simba, imesuguliwa kwa majivu na ndimu mpaka inawaka, chini yake imeandikwa "prufu, bei maelewano".

Zamani fundi akishachonga muhuri mpya, yaani chuma chenye mchoro kinachogongwa kwenye sarafu, kiwanda kiligonga vipande vichache vya kwanza ili kukagua kazi yake kabla ya kuanza kutoa maelfu. Vipande hivyo vya majaribio ndivyo vilivyoitwa prufu. Vilitoka vizuri kuliko vingine vyote, watu wakavitamani, na viwanda vikaanza kuvitengeneza kwa makusudi. Siku hizi muhuri hung'arishwa uso wake, na sehemu za mchoro hufanywa ziwe na ukungu. Kipande cha madini nacho hung'arishwa kabla ya kugongwa. Kisha hugongwa polepole, kwa nguvu kubwa, zaidi ya mara moja, na kutolewa kwa glavu. Ndiyo maana uso wake ni kioo kitupu huku mnyama au jengo likionekana jeupe kama limepakwa unga.

Sasa hapa ndipo tunapopotezana. Prufu haina daraja la usafi ndani yake. Korosho ya kukaanga ikidondoka mchangani bado ni ya kukaanga, na korosho ghafi uifute utakavyo, haijakaangwa. Prufu iliyochubuka, hata iliyotumika dukani kwa bahati mbaya, inabaki prufu, ila imeharibika. Wanaopima ubora wana ngazi inayofika 70, na kwenye ngazi hiyo prufu huandikiwa herufi zake, za kawaida nazo zake, kwa sababu ni aina mbili tofauti. Wala prufu si cheti cha uhalisi, kama wengine wanavyodhani.

Mfano mzuri ni robo dola (senti 25) za majimbo ya Marekani, kila jimbo na mchoro wake. Kuanzia 1999 hadi 2008 zilitolewa za majimbo matano kila mwaka, Delaware ikaanza na mpanda farasi wake, Hawaii ikafunga. Za matumizi ziligongwa Philadelphia na Denver, zina herufi P au D. Za prufu ziligongwa San Francisco, zina S. Robo ya Delaware yenye D, hata ingekuwa imetoka kwenye mfuko wa benki asubuhi ya leo, si prufu. Ujerumani nayo ilianza 2006 kutoa euro mbili zenye mandhari ya majimbo yake, zile zile zikitengenezwa kwa matumizi na kwa prufu. Na sisi tunazo: shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye faru za mwaka 1974, za mfululizo wa uhifadhi wa wanyama, zilitolewa kwa namna zote mbili. Mchoro ule ule, mwaka ule ule, sarafu mbili.

Kinachoniumiza zaidi ni kusikia "prufu ya kale ya Kilwa". Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ni hazina yetu watu wa Lindi na Mtwara. Za Ali bin al-Hasan zina maandishi ya Kiarabu ambayo upande mmoja unaanza na wa pili unamaliza kwa kina kile kile, ushairi kwenye pesa ya sokoni. Ziligongwa kwa mkono, ili zitumike. Hazikuwa prufu na hazihitaji kuwa. Ukizisugua, ndimu inakula ile rangi ya kijani ya shaba iliyozeeka pamoja na herufi zilizo chini yake. Tena hizo ni malikale, zinalindwa na sheria tangu 1964, hazipaswi kupangiwa bei mtandaoni.

Basi ndugu yangu mwenye simba, kama sarafu yako haijawahi kutumika andika "haijatumika", na kama umeisugua andika "imesafishwa", mnunuzi ajue anachonunua. Mwenye robo dola ya jimbo aigeuze kwanza upande wenye kichwa cha George Washington, atazame nyuma ya shingo karibu na utepe wa nywele. Asipoiona S, neno prufu aliache.