Wachezaji ni Wageni, Timu ni Mji: Ligi ya Besiboli ya Cape Cod

Mtu akiniuliza aende wapi kuitazama besiboli ya Marekani hadi aielewe, simtumi kwenye viwanja vikubwa vya Boston wala New York. Humwambia avuke mfereji aingie Cape Cod, ile rasi ya jimbo la Massachusetts inayochomoza baharini kama mkono uliokunjwa kwenye kiwiko, na afike huko kati ya katikati ya Juni na katikati ya Agosti. Kazi yangu ni kufundisha wapigaji, na kwa miaka kadhaa sasa kiangazi changu hupita katika viwanja kumi vya ligi ya ridhaa ya huko, daftari mkononi, nikitazama vijana wa vyuo vikuu wasiolipwa mshahara wakicheza mbele ya watu wasiolipa kiingilio.

Ligi hii ina jambo moja ambalo limenichukua muda mrefu kulielewa. Kikosi cha kila timu huundwa upya karibu chote kila mwaka. Kijana hutoka California au Texas, akacheza majuma manane, akaondoka, na pengine asirudi tena maishani. Kwa ligi nyingine, timu isiyo na mchezaji wa kudumu ingekufa mapema sana. Hapa imekuwa kinyume, kwa sababu timu haikujengwa juu ya wachezaji bali juu ya mji, na mchezaji ni mgeni anayepokelewa.

Majina yenyewe yanaonyesha hivyo. Upande wa mashariki wapo Chatham Anglers, Orleans Firebirds, Harwich Mariners, Brewster Whitecaps na Yarmouth–Dennis Red Sox. Upande wa magharibi wapo Falmouth Commodores, Hyannis Harbor Hawks, Bourne Braves, Cotuit Kettleers na Wareham Gatemen. Wareham kwa hakika iko bara, nje ya rasi, na ndiyo maana watu wake hujiita Gatemen, yaani walinda lango. Cotuit ni kijiji tu ndani ya mji wa Barnstable, nacho kimetwaa ubingwa mara nyingi kuliko timu nyingine yoyote. Jina la Kettleers, yaani watu wa sufuria, linatokana na masimulizi kwamba ardhi ya hapo ilinunuliwa kutoka kwa Wawampanoag, wenyeji asilia wa eneo hilo, kwa sufuria moja ya shaba na jembe moja. Chatham waliitwa A's, Orleans waliitwa Cardinals na Hyannis waliitwa Mets, majina ya timu za ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, hadi wenye ligi kuu hiyo walipobana matumizi ya majina yao, na ndani ya miaka michache kuanzia 2008 timu hizo tatu zikabadili majina. Hakuna shabiki aliyehama kwa sababu hiyo. Aliyekuwa wa Chatham alibaki wa Chatham.

Kuhusu umri wa ligi, nembo yake imebeba mwaka 1885, na mwaka huo unahusishwa na mchezo wa tarehe 4 Julai kati ya Barnstable na Sandwich. Mimi hupenda zaidi kuanzia 1923, kwa kuwa ndipo miji minne, yaani Chatham, Falmouth, Hyannis na Osterville, ilipounda ligi yenye ratiba. Ligi hiyo ilivunjika mwaka 1939 baada ya miaka ya mdororo wa uchumi, ikafufuliwa Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, na kwa muda ilikuwa hasa ya vijana wa pale pale. Mwaka 1963 ilijipanga upya kuwa ligi ya wachezaji wa vyuo, kwa idhini ya chama cha michezo ya vyuo cha Marekani, na milango ikafunguliwa kwa nchi nzima. Bourne na Brewster waliingia mwaka 1988, na tangu hapo timu ni kumi.

Wageni hao hulala wapi? Hulala majumbani mwa watu. Kila mchezaji hupewa familia ya kumpokea, naye hupata chumba, chakula, na mara nyingi watoto wawili watatu wanaomfuata hadi mlangoni wakitaka kushika glovu yake. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa hapa bila tafsida: wachezaji walitafutiwa vibarua vya asubuhi, wakakata nyasi na kupanga bidhaa madukani, kisha alasiri wakavaa jezi. Siku hizi jembe lao kubwa ni mafunzo ya watoto. Timu huendesha madarasa ya asubuhi, na nimemwona mrushaji anayerusha mpira kwa kasi ya maili 95 kwa saa akipiga goti kwenye nyasi zenye umande, akivipanga vidole vya mtoto wa miaka saba kwenye mshono wa mpira, kimoja kimoja. Meneja, wauza vitafunio na mtu anayepita na kofia kukusanya michango ya hiari, wengi wao wanajitolea.

Hata hivyo ukarimu peke yake haungewaleta vijana bora wa nchi nzima. Kinacholeta wachezaji ni gongo la mbao. Vyuo vya Marekani viliruhusu magongo ya alumini miaka ya 1970, na ligi hii nayo ikayafuata, mpaka mwaka 1985 iliporudi kwenye mbao. Naomba nieleze tofauti hiyo kwa makini, maana ndiyo kazi yangu. Gongo la alumini lina uwazi ndani, nalo hubonyea kidogo na kuusukuma mpira. Sehemu yake nzuri ya kupigia ni pana, na hata mpira ukigonga karibu na mikono, bado unaweza kuwapita walinzi na kuwa pigo salama, yaani pigo linalomfikisha mpigaji kwenye kituo. Gongo la mbao halisamehe. Sehemu yake nzuri ni fupi kama upana wa kiganja, na mpira ukilipata karibu na mpini, gongo hupasuka na mpigaji hubaki na kipande na ganzi ya vidole. Kwa hiyo mrushaji aliyezoea kuuogopa upande wa ndani, karibu na mwili wa mpigaji, hapa hujifunza kuutumia bila hofu, naye mpigaji hulazimika kuanza mapema na kuileta mikono kwa njia fupi. Juma la kwanza la msimu nimewaona vijana waliotamba chuoni wakipiga mipira mitano dhaifu mfululizo, kisha wakaketi peke yao wakitazama alama za mpira kwenye mbao. Mbao hubakisha alama, na alama hizo husomeka.

Maskauti, yaani watafuta vipaji wa timu za ligi kuu, hujaa nyuma ya wavu kwa sababu hiyo hiyo. Thurman Munson, aliyekuja kuwa mdakaji wa New York Yankees, alipigia Chatham mwaka 1967 kwa wastani wa .420, yaani mapigo salama 42 kwa kila majaribio 100, na tuzo ya mpigaji bora sasa ina jina lake. Kati ya waliokuja kuwa nyota wa ligi kuu, Frank Thomas alipitia Orleans, Craig Biggio Yarmouth–Dennis, Jeff Bagwell Chatham, na Aaron Judge alivaa jezi ya Brewster mwaka 2012. Waliofika ligi kuu kupitia hapa wamepita 1,000.

Viwanja vyenyewe ni vya shule na vya umma. Pale Eldredge Park, Orleans, kuna mteremko wenye ngazi za nyasi, na watu huja mapema kupanga viti na mablanketi yao, wakaenda zao wakijua hakuna atakayeyagusa. Uwanja wa Cotuit, uliozungukwa na misonobari, hauna taa, hivyo mchezo huanza alasiri na giza likiingia husimamishwa. Chatham husumbuliwa na ukungu: unatoka baharini taratibu, unameza walinzi wa mbali mmoja mmoja, mpaka mwamuzi anaunyanyua mkono kwa kuwa mpira ukipigwa juu hakuna anayeuona.

Mabadiliko ya karibuni yananitia wasiwasi. Tangu 2021 uteuzi, ambamo timu za ligi kuu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, umehamishiwa Julai, katikati ya msimu, na raundi zimepungua hadi 20. Wachezaji wengine hawafiki kabisa, wengine huondoka mara wanapochaguliwa, na mwanzoni timu hujazia kwa wachezaji wa muda wakati vyuo vikubwa bado viko mjini Omaha kwenye fainali zao za besiboli ya vyuo. Orodha ya majina ya Juni na ile ya Agosti siku hizi hazifanani. Ila Yarmouth–Dennis walitwaa ubingwa mfululizo miaka ya 2014, 2015 na 2016 chini ya Scott Pickler, kocha waliyekuwa naye tangu 1998, na Bourne wakautwaa 2022 na 2023. Vikosi vilibadilika, lakini nyumba zilizowapokea vijana wa mwaka uliofuata zilikuwa kwa sehemu kubwa zile zile, mashuka yakiwa yamefuliwa na funguo ya ziada ikining'inia pale ilipoachwa na mgeni wa mwaka uliotangulia.