Lusitania haikuiingiza Marekani vitani

Wengi tulifundishwa hivi: Wajerumani waliizamisha meli ya Lusitania, Marekani ikakasirika, ikaingia Vita Kuu ya Kwanza. Tatizo ni kalenda. Meli hiyo ya Uingereza ilipigwa torpido karibu na Ireland tarehe 7 Mei 1915, ikazama kwa dakika 18 tu. Marekani ilitangaza vita tarehe 6 Aprili 1917. Hasira gani hiyo ya karibu miaka miwili?

Ni kweli Wamarekani zaidi ya 120 walikufa, na nchi ilichemka. Lakini Rais Wilson alishika kalamu, akatuma barua za malalamiko Berlin. Waziri wake wa Mambo ya Nje, Bryan, alijiuzulu akiziona kali mno! Mwaka 1916 Wilson alichaguliwa tena, wapiga kampeni wake wakimsifu kwa kuiepusha nchi na vita.

Kilichogeuza mambo ni mwaka 1917. Februari, nyambizi za Ujerumani zilirudia kushambulia meli bila kubagua. Machi, magazeti yakachapisha simu ya maandishi ya siri ya Zimmermann, Waziri wa Mambo ya Nje wa Ujerumani, iliyoiahidi Mexico kurudishiwa Texas, New Mexico na Arizona ikiungana na Ujerumani.