Kwa nini milima ya mbali huchorwa bluu wakati miti yake ni ya kijani?

Panda jiwe la Gangilonga asubuhi, uutazame mji wa Iringa. Chini kuna mapaa ya mabati, mengine mapya, mengine yameshika kutu, na katikati ya mji lipo Boma, jengo la Wajerumani la miaka ya 1900 ambalo leo ni makumbusho. Nyuma ya yote hayo kuna milima. Anayeanza kuchora mitaa hii huipaka milima rangi ya kijani, maana anajua ina miti. Akimaliza anashangaa: milima imesogea mbele, imekalia mapaa, na mtaa wote umekuwa bapa kama kanga ukutani.

Alichosahau kuchora ni hewa. Kati ya jicho na mlima kuna kilomita nyingi za hewa inayomulikwa na jua. Mwanga wa jua una rangi zote, lakini chembe za hewa hutawanya zaidi mawimbi mafupi: bluu, yenye wimbi la urefu wa nanomita 450 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), hutawanywa karibu mara 6 zaidi ya nyekundu ya nanomita 700. Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, ndiye aliyeeleza jambo hili mwaka 1871. Kwa hiyo hewa yenyewe inang'aa bluu hafifu, ikaufunika mlima kama ushungi, na mlima ukizidi kuwa mbali, ushungi unazidi kuwa mzito. Makorongo na vivuli ndivyo hugeuka bluu kwanza, kwa kuwa havina mwanga mwingi wa kushindana nayo. Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia aliyefariki mwaka 1519, alikwisha kuwahimiza wachoraji wazidishe bluu kadiri jengo linavyokuwa mbali. Aliyajua hayo kwa kutazama tu.

Hapa kwetu msimu nao una kauli yake. Septemba na Oktoba, moshi wa mashamba na vumbi huijaza hewa chembe kubwa zinazotawanya rangi zote sawasawa, milima ikawa myeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Mvua ya Machi ikishaiosha hewa, milima ileile huonekana imesogea, imekoza rangi.

Usipoamini, toboa karatasi tundu la ukubwa wa punje ya mahindi. Fumba jicho moja, chungulia mparachichi ulio karibu, kisha mlima. Ndani ya tundu hakuna umbo la mlima wala miti ya kukumbuka. Kuna rangi tu, nayo ni bluu yenye kijivu.