Potifolio ni nini unapoomba uzamili wa usanifu wa mandhari

Usanifu wa mandhari ni fani ya kupanga ardhi iliyo nje ya kuta za majengo: bustani za umma, njia za miguu, mitaro, kingo za mito na ziwa. Hapa Kenya hufundishwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), kule Juja. Ukiomba uzamili utadaiwa transkripti (orodha rasmi ya alama zako za chuo), barua za walimu wanaokufahamu na maelezo ya nia, kama ilivyo kwa masomo mengine. Kinachowatia watu hofu ni potifolio.

Potifolio ni kazi zako mwenyewe, ulizozichagua na kuzipanga kurasa kwa kurasa, ili wanaokupima waone jinsi unavyotazama mahali na unavyofikia uamuzi. Tia mkazo kwenye kuchagua. Kazi chache zilizoelezwa zikaeleweka zina uzito kuliko rundo la picha za kupendeza.

Chukua mtaro mmoja wa Nyalenda, hapa Kisumu. Nenda kiangazi, kisha urudi mvua za masika zikikolea. Pima upana kwa futi ya fundi. Chora mkato, yaani mchoro wa mahali kana kwamba pamekatwa kwa kisu na kutazamwa ubavuni: barabara, ukingo, mtaro, ukuta wa nyumba, na alama ya tope inayoonyesha maji yalifika wapi. Onyesha ubao ambao watoto huvukia na mahali mama mboga anapoweka meza yake. Tayari una ukurasa mmoja mzuri, na hukuhitaji kompyuta.

Ukurasa unaofuata uonyeshe majaribio, hata lililoshindikana. Tuseme ulifikiria kuchimba shimo la kunyonya maji, kisha ukakuta udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka jua likiwaka na kuvimba ukilowa. Maji hayatapenya upesi; shimo litajaa na kubaki limejaa. Basi ukapanua mtaro, ukalaza kingo zake, ukapanda mafunjo kama yale ya kinamasi cha Dunga, kando ya ziwa, ili yapunguze kasi ya maji. Mimi ningeusoma ukurasa huo mara mbili, kwa sababu unaonyesha mtu akibadili mawazo baada ya kushika udongo.

Ukitaka kuomba nje ya nchi, vyuo vingi vya Marekani vina njia mbili: takriban miaka 2 kwa waliosomea usanifu, na 3 kwa waliotoka kwingine, kama jiografia, kilimo au botania. Wa njia ndefu hawatarajiwi kuwa na michoro ya kitaalamu. Useremala, ususi wa vikapu, upigaji picha, vyote huingia, mradi ueleze ulivyoamua hiki na kuacha kile. Soma masharti ya kila chuo kuhusu idadi ya kurasa na ukubwa wa faili, maana hutofautiana.

Kazi mliyoifanya kikundi nayo inafaa, ila andika wazi chini yake: vipimo na mchoro wa mkato ni vyangu, ramani ni ya mwenzangu.